Barua Niliyomwandikia Venansia

Alhamisi iliyopita nilikuwa barazani nachambua maharage, simu ikaita, namba siijui. Sauti ya mwanamke mtu mzima, Kiswahili chake kimechanganyika na Kirundi, akajitambulisha kuwa ni binti wa Venansia, anapiga kutoka ng'ambo ya mto Ruvubu. "Shikamoo mama. Mama yetu amefariki, tumemzika jana. Alituagiza akifa tukuambie wewe kabla ya watu wengine wa Ntobeye, maana wewe ndiye ulikuwa rafiki yake." Nikaitikia marahaba, nikasema poleni sana, nikasema kazi ya Mungu haina makosa, nikasema yote yale ambayo mtu wa umri wangu anatakiwa kuyasema. Halafu nikarudi kwenye maharage yangu mpaka yakaisha. Jioni wajukuu wakanisifu kwamba bibi ana imani, hakutoa hata chozi. Imani gani! Sikulia kwa sababu ningeanza kulia ningeulizwa, na ningeulizwa ningejibu. Sasa nimeamua kujibu bila kuulizwa. Ukoo wangu hautawasaidia kitu, wala utoto wangu, kwa hiyo naviacha. Nitasimulia mwaka mmoja tu, mwaka wa vita vya Kagera, nilipokuwa na miaka kumi na tisa na mwandiko mzuri kuliko mtu yeyote kijijini. Na tafadhali, mkishasoma, msinitafutie udhuru. Nimeutafuta mwenyewe miaka yote hii, na mimi ni hodari wa kutafuta.

Mwandiko huo ulinitoa shuleni ukanirudisha nyumbani. Darasa la saba nilimaliza, sekondari sikuchaguliwa, nikabaki na jembe mkono mmoja na kalamu mkono wa pili. Kila barua iliyotoka kijijini kwetu ilipita kwangu: za wachumba, za kudai mahari, za kuomba mbolea. Lakini barua ya maombi ya kazi ilikuwa na heshima yake, na mimi niliijua kama wengine wanavyoijua rozari. Anwani yako juu kulia. Anwani ya mkubwa chini yake, kushoto. Kisha K.k., yaani kwa kupitia kwa mwenyekiti wa kijiji, maana enzi zile hukumwandikia mkubwa mpaka mdogo wake aione na kuigonga muhuri. Ndugu, si Bwana. Aliyeandika Bwana alijitia kitanzi mwenyewe. Yah, halafu kichwa cha habari kwa herufi kubwa, na mstari chini yake kwa rula. Hapo ndipo unajieleza: jina, umri, ulipozaliwa, elimu, tabia, na unavyoipenda siasa ya Ujamaa na Kujitegemea. Mwisho, Wako katika ujenzi wa Taifa. Watu walikuwa wanakaa mbele yangu na kofia mkononi wakinitazama navyopiga mstari ule wa rula, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naupiga polepole makusudi ili wanitazame zaidi.

Vita vilipoanza, wakubwa wa wilaya wakaamua kufungua mgahawa pale Ngara mjini, maofisa wa jeshi na madereva wa malori yaliyokuwa yakitoka Kibondo wapate mahali pa kukaa na kunywa kahawa. Kijiji chetu kikapewa nafasi moja ya mhudumu wa kike. Moja! Meneja akaja mwenyewe kutupima, mtu wa Bukoba, tumbo mbele, viatu vinang'aa kwenye vumbi letu. Akatukusanya wanawake watano mbele ya ghala akatuambia tukaange kahawa na kuipika. Tukatazamana. Kahawa tulikuwa tunailima, tunaichuma, tunaianika, tunaipeleka ghalani. Lakini kuinywa, nani aliwahi? Wazee walikunywa urwagwa, pombe yetu ya ndizi, na watoto walikunywa uji. Mimi yangu ikaungua. Nilikuwa nimeweka moto mwingi kwa haraka ya kumaliza wa kwanza, ikatoka nyeusi, na Meneja alipoonja akaitema pembeni ya kiatu chake, watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja akasema, "Genera, hiyo tuwekee, tutawapa mbuzi wenye minyoo." Venansia yeye aliweka kigae cha chungu kilichovunjika juu ya makaa, akawa anazigeuza punje kwa kijiti, hana haraka, anaimba kwa sauti ya chini na mtoto amelala mgongoni. Harufu ile ilitembea mpaka kwenye nyumba za mwisho, watu wakaanza kutoka nje kuuliza kuna nini. Meneja akanywa kikombe kizima. Akasema, "Huyu. Lakini utaratibu ni utaratibu. Wote mnaotaka kazi mlete barua za maombi, na ziwe na muhuri wa kijiji."

Venansia alikuwa rafiki yangu, na silisemi hilo kwa kejeli. Tulianza shule pamoja, akaacha darasa la pili, akaolewa na Petro, fundi wa matofali, kijana mpole aliyekuwa anashindwa hata kumfukuza kuku. Vita vilipokuja Petro alichukuliwa pamoja na mgambo wengine, akapanda lori, na tangu siku hiyo hakuna habari. Venansia hakuitaka kazi ile kwa ajili ya mshahara. Aliniambia wazi, tumeinama kwenye shamba la kijiji: "Genera, malori yote yanapita pale. Kila mwanajeshi atakayekuja kunywa kahawa nitamwuliza, umemwona Petro wa Ntobeye, ana kovu hapa kwenye nyusi? Mmoja wao atakuwa amemwona. Lazima." Mimi je, nilitaka nini? Nilitaka gauni la bluu lenye kola nyeupe ambalo Meneja alituonyesha. Nilitaka kulala kwenye chumba chenye mlango wa kufunga kwa komeo, na kuamka bila kusikia kengele ya kutuita shambani. Nilitaka wale waliocheka waje mjini wanikute nimesimama nyuma ya meza, mimi nimesimama na wao wananisubiri. Ndiyo hayo tu. Mtu akiweka haja yangu na haja yake kwenye mizani hata kipofu angeona ipi nzito, na mimi niliiona.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Sezari, macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa namwandikia mihtasari ya mikutano. Nilikuwa nimekaa chumba chake cha nje siku moja, chumba chenye meza moja, picha moja ukutani na harufu ya dawa ya kuua viroboto, naandika, wakati yeye na kamanda wa mgambo wanakula viazi upande wa pili wa pazia. Nikamsikia kamanda anasema, "Mzee, huo mgahawa ni wa maofisa. Siri za jeshi zitazungumzwa pale. Nimeambiwa yeyote aliyezaliwa nje ya nchi asikaribie hata mlango. Na ikionekana wamo vijijini hawajajiandikisha, wavushwe warudi kwao." Mzee Sezari akacheka na kiazi mdomoni. "Ukianza hivyo hapa kwetu utabaki na nani?" Kamanda naye akacheka, lakini akaongeza, "Mimi sitafuti mtu, Mzee. Nasema tu, kitu kisiandikwe. Kikiandikwa, mimi na wewe tumekwisha." Kalamu yangu ikasimama. Muhtasari ule una doa la wino mahali hapo; kama bado upo, panya hawajaula, mtaliona.

Lazima nieleze jambo hili wageni wanielewe. Kwetu mwanamke akishika mimba ya kwanza hurudi kwa mama yake kujifungulia, ndiyo desturi, na mama zetu wengi walikuwa wameolewa kutoka ng'ambo ya Ruvubu. Wakubwa waliuita mpaka, lakini bibi zetu walikuwa wanafulia pale. Kwa hiyo vifungua mimba wa kijiji chetu, nusu yao walizaliwa Burundi kwa bibi, wakavushwa kurudi mgongoni kabla hawajaota jino. Venansia alikuwa kifungua mimba. Na mimi pia. Bibi yangu na bibi yake walikaa kilima kimoja. Kila mtu alijua, na hakuna aliyeona ni jambo, kwa kuwa kila barua niliyoandika, mtu yeyote awe nani, nilikuwa naandika "nimezaliwa Ntobeye" bila hata kuuliza. Sikuwahi kuuliza. Barua ya Venansia ndiyo ya kwanza na ya mwisho ambayo niliuliza.

Alikuja kuniita Jumapili baada ya misa. "Barua haiandikwi na njaa," akasema, akanipikia. Nyumba yake ilikuwa moja ya zile za mstari mmoja, tulizohamishiwa, za nyasi na udongo, zimekaribiana hata ukikohoa jirani anakwambia pole. Ndani palikuwa safi, mkeka umetandikwa, koti la Petro limetundikwa kwenye msumari. Akaleta ndizi na maharage, akafungua kikaratasi alichokuwa amekificha juu ya dari, akamimina chumvi yote iliyokuwamo kwenye sahani yangu. Mwaka ule chumvi ilikuwa inatafutwa kuliko mchumba. Nikamwambia, "Na wewe?" Akasema, "Mimi nimeshazoea, kula wewe mwenye kazi." Nikala. Nikala yote, tena zilikuwa tamu, nikaramba vidole. Kisha nikatoa karatasi, nikapiga mstari wangu wa rula, nikamwuliza kwa sauti ya ofisini kabisa, bila kumtazama, "Umezaliwa wapi, tuandike?" Alikuwa anamnyonyesha mtoto. Akacheka. "Si unajua, Genera. Kwa bibi, ng'ambo, pale pale kwenu." Nikasema, "Haya." Nikaandika: *Nilizaliwa nchi ya Burundi, na wazazi wangu wakanivusha kuja Tanzania.* Kwa mwandiko wangu mzuri kuliko yote. Sikuongeza uongo hata mmoja. Nilisifu kahawa yake, nilisifu tabia yake, nilieleza mume wake yuko vitani analinda nchi. Ilikuwa barua nzuri, ningempa mwalimu yeyote aisahihishe.

Nilipomaliza nikamwambia aweke dole gumba. Akakataa! Alikuwa anahudhuria kisomo cha watu wazima, chini ya mti wa shule, miezi mitatu sasa, na alikuwa amejifunza kuandika jina lake. "Mimi si wa dole tena," akasema. Akanipa mtoto nimshike, akaishika kalamu kwa vidole vyote vitano, ulimi nje, akaandika V-E-N-A-N-S-I-A, herufi moja moja, jasho linamtoka. Kisha akaichukua karatasi akaitazama yote, kidole kinatembea juu ya mistari. Nikawa nakifuata kile kidole kwa macho. Alikuwa anasoma herufi za chapa tu, zile kubwa za kwenye kitabu cha kisomo; mwandiko wa mkono wa kuunganisha alikuwa hajaufikia bado. Kidole kikasimama juu kabisa, kwenye kichwa cha habari. "Ka-zi," akasoma. "Genera, nimesoma! Kazi!" Akanikumbatia pamoja na mtoto. Nikamwambia, "Hongera, mwenzangu, sasa wewe ni msomi." Na nilicheka, maana furaha yake ilinichekesha kweli.

Yangu niliiandika nyumbani kwa dakika chache. *Nimezaliwa Ntobeye.* Asubuhi nikazipeleka mbili kwa Mzee Sezari. "Shikamoo Mzee. Maombi ya kazi ya mgahawani, langu na la Venansia." "Marahaba. Umeziandika vizuri?" "Kama kawaida, Mzee." Akachukua muhuri, akaupulizia pumzi, akapiga ya kwanza, akapiga ya pili. Hakuisoma hata moja. Aliniamini, maskini, na sikumwonea huruma hata yeye. Nikazipeleka Ngara mwenyewe kwa miguu, nikamkabidhi Meneja mkononi. Akaisoma ya Venansia kwanza, kwa sababu huyo ndiye aliyemtaka, na nikamwona anafika mahali pale. Akairudia. Akaguna, akaiweka pembeni imefunikwa, akanitazama juu mpaka chini. "Wewe ndiye uliyeunguza?" "Ndiyo, Ndugu Meneja. Nitajifunza." Akasema, "Utajifunza. Anza Jumatatu."

Mgahawa wenyewe ulikuwa chumba kirefu kilichopakwa chokaa, meza nane, madirisha yenye wavu, na jikoni nyuma na jiko la mkaa lililokuwa halizimwi. Kahawa nilijifunza, kila mtu hujifunza. Maofisa walikuwa wanapiga makofi kuniita, nami nikienda na sinia, gauni langu la bluu limepigwa pasi, najiona malkia. Niliwasikia wakizungumza habari za mto Kagera, daraja lililovunjwa, nani kafa na nani kapandishwa cheo. Mwanzoni nilisema moyoni nitawauliza habari za Petro, angalau hilo nilifanye. Wiki ya kwanza nikasahau. Wiki ya pili nikakumbuka nikaona aibu kuuliza, wangedhani ni mchumba wangu, na kulikuwa na luteni mmoja mwenye meno mazuri ambaye sikutaka adhani hivyo. Wiki ya tatu sikukumbuka tena. Nilikuwa na chumba chenye komeo.

Kijijini mambo yalikuwa yamewaka. Ile barua Meneja hakuitupa; aliipeleka kwa wakubwa, kama utaratibu ulivyotaka, na wakubwa wakaona muhuri wa Mzee Sezari chini ya maneno yale. Wakamwita. Mzee yule akaona ama yeye ama Venansia, akasema mwanamke huyo alimdanganya, hakujua asili yake. Mzee Sezari! Aliyekunywa pombe kwenye harusi ya mama yake Venansia. Nasikia Venansia alisimamishwa mbele ya ghala, pale pale alipokaangia kahawa, Mzee akamsomea karatasi kwa kumtumia mwalimu, akamwuliza, "Hili ni jina lako? Umeliandika mwenyewe?" Venansia akasema ndiyo, na watu wanasema alisema kwa kujivuna kidogo, kwa sababu ya kuandika. Majirani wote walikuwepo, vifungua mimba wenzake wamejaa tele, na hakuna aliyefungua mdomo. Walijua akiongea mmoja wataulizwa wote.

Walimleta Ngara siku ya Ijumaa mchana, mgambo wawili, aandikiwe hati ya kuvushwa. Ofisi ilikuwa imefungwa kwa chakula, wakaja kumkalisha uani kwetu, kwenye kivuli cha ukuta wa jikoni, wenyewe wakaenda mbele kuomba maji. Nilitoka kumwaga majivu nikamkuta. Amekaa chini, mtoto mgongoni, kibunda cha nguo pembeni, na koti la Petro amelivaa ingawa jua lilikuwa kali. Aliponiona uso wake ukafunguka wote. "Genera! Mungu mkubwa. Nilikuwa naomba njia nzima nikukute." Kabla sijasema neno akauliza, "Petro? Kuna aliyemwona?" Nikamwambia, "Nauliza kila siku. Bado." Akanishika mkono akaubusu, mkono wenye majivu. "Najua unauliza. Usichoke." Halafu akasogea. "Sikiliza, hawa watarudi sasa hivi. Niandikie barua. Kwa yule mkubwa wenu aliyemo ndani, nimeona gari lake. Mwambie nililetwa na miezi mitatu. Mwambie mume wangu yuko kule kwa ajili yao, akirudi atanikuta wapi? Kosa ni langu, mdomo wangu mwenyewe, uliniuliza nikajibu ovyo. Lakini wewe unajua kuandika maneno yakaingia. Maneno mawili tu, Genera."

Luteni alikuwa ndani kweli, kwenye meza ya dirishani, na siku ile alikuwa amefurahi, na alikuwa na uwezo wa kuwaambia wale mgambo rudini na wakarudi. Nilifikiri haraka, na sikufikiri kuhusu yeye. Nilifikiri hivi: nikiandika, ataiagiza ile ya kwanza ailinganishe, na ataona mwandiko ni mmoja. Nikasema, "Wino umekwisha." Kalamu ilikuwa imechomekwa kwenye kola yangu nyeupe. Venansia akaitazama kalamu, akanitazama usoni, akaitazama tena. Nikangoja anitukane. Ningefurahi angenitukana. Badala yake akateremsha sauti, akaacha Kiswahili akasema kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, taratibu, kama mtu anayemwonya mdogo wake: "Nimeelewa. Na wewe ulizaliwa kule kule. Nisamehe, sikufikiri. Ingia ndani upesi, mwenzangu, usisimame na mimi, wasije wakakuuliza."

Nikaingia ndani. Luteni alikuwa amenyoosha shingo anatazama uani kupitia wavu. "Nani yule ulikuwa unaongea naye?"

"Mrundi mmoja tu, afande."

Akarudi kwenye kikombe chake, akasema kahawa ya leo ni nzuri, nimwongeze.